Sasisho la Windows likivuruga kazi, usikimbilie kufuta kompyuta nzima

Jumanne ya tarehe 9 Machi 2021, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa sasisho lake la kila mwezi la Windows 10. Haikuchukua muda watumiaji wa nchi mbalimbali wakaanza kukutana na jambo lilelile: laptopu inawaka vizuri, faili linafunguka, lakini mtu akibonyeza amri ya kuchapa, skrini inageuka bluu, mashine inazimika na kujiwasha upya. Akijaribu tena, yaleyale.

Waliolalamika zaidi walikuwa na printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Mbili za kwanza ni printa za kawaida za ofisi. Ya tatu hutoa lebo za bei na za mizigo. Kwa mtu anayetumia kompyuta kutazama filamu, hilo si tatizo kubwa. Kwa wakala wa forodha mwenye lori linalosubiri Namanga, Malaba au Rusumo, huku dereva akipiga simu kila nusu saa kuuliza karatasi ziko wapi, ni siku nzima imepotea. Na siku ya lori ina bei yake.

Microsoft ilikiri kosa na kutoa dawa ya kwanza tarehe 15 Machi. Dawa hiyo haikumaliza shida. Kulikuwa na nyaraka zilizotoka na visanduku vyeusi mahali pa nembo, majedwali yasiyo na mistari, kurasa tupu, na, baya zaidi kwa watu wa mizigo, karatasi zisizo na msimbo wa pau wala wa QR. Marekebisho ya kasoro hizo yalitolewa tarehe 18 Machi. Tangu sasisho lenyewe litoke, zilikuwa zimepita siku tisa.

Aliyejua la kufanya hakuwa na haja ya kusubiri siku hizo tisa. Sasisho lile liliweza kuondolewa na mwenye laptopu mwenyewe, bila fundi, bila flashi na bila kugusa faili hata moja. Kompyuta ingerudi ilivyokuwa Jumatatu, na kazi ingeendelea.

Hilo ndilo wafanyabiashara wengi wasiloambiwa. Sasisho si ndoa ya kanisani. Mara nyingi linatenguka, mradi mtu achukue hatua mapema na awe amejiandaa kwa mambo mawili matatu.

Mashine moja, nchi tatu

Kazi za mpakani zimehamia kwenye kompyuta kuliko wengi wanavyodhani. Tangu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zianze kutekeleza Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, mzigo unaoshuka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kwenda nchi nyingine ya Jumuiya unatakiwa kutolewa taarifa na kulipiwa ushuru katika nchi unakokwenda, kabla haujaondoka bandarini. Uganda, Rwanda na Burundi zinatumia mfumo wa ASYCUDA World, Tanzania ina TANCIS, Kenya ina iCMS.

Maana yake ni kwamba wakala aliyekaa Kampala au Kigali ndiye anayeshikilia ufunguo wa lori lililoegeshwa mamia ya kilomita kutoka alipo. Laptopu yake ikigoma, lori linasimama katika nchi nyingine kabisa, na dereva aliyeko huko hana habari kwamba kinachomkwamisha si afisa wa forodha bali ni sasisho lililoingia usiku.

Mchuuzi mdogo anayevuka na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 chini ya utaratibu rahisi wa biashara anaweza kujaza fomu yake palepale mpakani kwa kalamu. Lakini naye siku hizi daftari lake la madeni limehamia kwenye Excel, picha za risiti ziko kwenye folda, na orodha ya bei za wateja wa ng'ambo ya mpaka haipo mahali pengine popote. Kwa hiyo naye yumo.

"Hii ipigwe Windows upya"

Laptopu ikigoma, safari ya kwanza ni kwa fundi. Na katika vibanda vingi vya ufundi wa kompyuta, kuanzia Kariakoo hadi vichochoro vya miji ya mpakani, jibu la kwanza ni moja: hii ipigwe Windows upya. Fundi anachomeka flashi, anafomati diski, anaweka mfumo mpya, na baada ya saa moja au mbili laptopu inawaka ikiwa safi kama imetoka dukani.

Si kwamba fundi hajui kazi. Kupiga Windows upya kunaponya karibu kila ugonjwa wa programu, kunachukua muda unaojulikana, na malipo yake yanaeleweka. Kutafuta kosa lenyewe kunaweza kula nusu siku, na mteja halipii kutafuta. Tatizo ni kwamba hasara ya dawa hii inambakia mwenye mashine peke yake.

Diski ikifomatiwa, nyaraka zilizokuwa ndani zinaondoka. Programu ya risiti za kodi iliyosajiliwa kwenye mashine ile inaweza kuhitaji kusajiliwa upya. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, yale ambayo mwenyewe ameshayasahau kwa sababu kompyuta ilikuwa ikimkumbukia, yanapotea. Na sheria za kodi za Tanzania, Kenya na Uganda zote zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Mkaguzi akija mwaka wa nne, maelezo kwamba fundi alifomati hayamsaidii mtu.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi fundi laptopu, kuna swali moja la kujiuliza: shida hii imeanza lini? Kama ni jana au juzi, na kabla ya hapo mashine ilikuwa nzima, basi mshukiwa wa kwanza ni sasisho.

Hapa kalenda inasaidia. Microsoft hutoa masasisho yake makuu ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, asubuhi ya Marekani. Kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni saa 2 au saa 3 usiku. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa moja nyuma. Laptopu iliyoachwa imewashwa ikiwa na intaneti inaweza kulipokea usiku uleule au siku chache zinazofuata. Hivyo mashine iliyoanza vituko Jumatano au Alhamisi ya wiki hiyo inastahili kutazamwa kwa jicho hilo kwanza.

Kutengua hatua kwa hatua

Laptopu nyingi zinazouzwa katika ukanda huu zina Windows ya Kiingereza, kwa hiyo maneno ya skrini yanatajwa hapa kama yanavyoonekana. Mwenye mashine ya Kifaransa, kama wengi wa Bujumbura, Goma na Bukavu, atakuta mpangilio ni uleule, maneno tu ndiyo yamebadilika.

Kama laptopu bado inawaka, kazi ni nyepesi. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", ingia "Windows Update", kisha "Update history", shuka hadi chini ubonyeze "Uninstall updates". Kwenye Windows 10, ndani ya "Settings" pitia "Update & Security" kwanza, halafu historia ya masasisho. Orodha itatokea. Kila sasisho lina namba inayoanza na herufi KB, na tarehe lilipoingia. Lile la Machi 2021, kwa mfano, kwa wengi lilikuwa KB5000802. Chagua la tarehe inayolingana na kuanza kwa shida, liondoe, kisha washa mashine upya. Faili zako haziguswi.

Kabla ya kubonyeza chochote, nakili faili muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Hatua hii inachukua dakika chache na ndiyo inayorukwa na kila mtu.

Kuna aina ya pili ya sasisho, kubwa zaidi: lile linalobadilisha toleo zima, kwa mfano kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Hilo haliondolewi kwa njia ya juu. Linarudishwa kwa kupitia "Settings", "System", "Recovery", na kubonyeza "Go back". Na hapa kuna saa inayohesabu. Windows hutunza mfumo wa zamani kwa siku 10 tu, katika folda iitwayo Windows.old. Siku ya 11 folda inafutwa na kitufe hakifanyi kazi tena.

Folda hiyo hula nafasi kubwa ya diski. Mtu mwenye laptopu ya diski ndogo, akiona nafasi imekwisha ghafla, hukimbilia kusafisha, au fundi humsafishia kwa nia njema. Wakishaifuta Windows.old, njia ya kurudi imefungwa hata kama ni siku ya pili. Aliyetoka kuhamia toleo jipya aiache folda hiyo mpaka ahakikishe printa, skana na programu zake zote za kazi zinafanya kazi. Anayejua mapema kwamba siku 10 hazitamtosha, labda kwa sababu anasafiri, anaweza kuongeza hadi siku 60. Anafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Hii lazima ifanyike kabla siku 10 hazijaisha.

Kurudi toleo la nyuma hakufuti nyaraka, lakini programu zilizowekwa baada ya kuhama zitaondoka na zitahitaji kuwekwa tena.

Ikigoma kuwaka kabisa

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na si lazima. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, yenyewe hufungua ukurasa wa bluu wa matengenezo. Humo ingia "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "Uninstall Updates". Kuna vitufe viwili: cha kuondoa sasisho dogo la mwezi na cha kuondoa lile kubwa la toleo. Anza na dogo. Kama mashine inafika kwenye ukurasa wa kuingiza neno la siri lakini haiendi mbele, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua "Restart". Utafikishwa mahali palepale.

Wakati mwingine Windows hujitengua yenyewe. Sasisho likishindwa kukamilika, maandishi hutokea yakisema kwamba mabadiliko yanatenguliwa na kwamba kompyuta isizimwe. Inaweza kukaa hapo kwa muda mrefu, hata saa nzima kwenye mashine kuukuu yenye diski ya kuzunguka. Mtu mwenye haraka anaona imekwama, anabonyeza kitufe cha kuzima na kukishikilia. Hapo kosa dogo hugeuka kuwa kubwa.

Katika ukanda huu kuna adui mwingine wa hatua hiyo: umeme. Laptopu nyingi za mtumba zina betri iliyokufa, zinaishi kwa waya wa ukutani tu. Umeme ukikatika sasisho likiwa katikati, mfumo unabaki nusu wa zamani nusu mpya. Mwenye mashine ya namna hiyo asikubali sasisho saa za kazi wala msimu wa mgao, na kama hana budi, aazime umeme wa mahali penye jenereta au betri ya akiba. Ni usumbufu, lakini ni nafuu kuliko fundi.

Ufunguo wa tarakimu 48

Mwenye laptopu anaweza kufuata hatua zote hizo na bado akakutana na ukurasa unaomtaka aingize ufunguo wa BitLocker. Hii ni kinga inayofunga diski yote kwa msimbo, ili mwizi akiiba laptopu asisome kilichomo. Ufunguo wake una tarakimu 48. Bila huo, hata fundi hodari akiing'oa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine hapati kitu.

Wengi hawajui kwamba laptopu zao zimefungwa hivyo, kwa sababu Windows 11 huweza kuwasha kinga hii yenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza. Na kuna masasisho yaliyowahi kuuliza ufunguo huo ghafla. Sasisho la Julai 2024 lilizifanya baadhi ya kompyuta ziwake moja kwa moja kwenye ukurasa huo, na marekebisho yakaja na sasisho la Agosti. Mei 2025 yakajirudia kwa baadhi ya mashine za Windows 10, na Microsoft ikalazimika kutoa dawa ya dharura.

Kwa kawaida ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa laptopu. Mwenye akaunti hiyo anauona kwa kufungua anwani aka.ms/myrecoverykey kwenye simu au kompyuta nyingine yoyote. Swali ni akaunti ya nani. Mtu aliyenunua laptopu ya mtumba, au aliyewashiwa na kijana wa dukani kwa barua pepe ya kijana huyo ili mambo yaende haraka, anaweza kuwa na diski iliyofungwa kwa ufunguo ulioko mfukoni mwa mtu mwingine. Siku laptopu ikiuliza, kijana ameshaacha kazi na namba yake ya simu haipatikani.

Hili linafaa kuangaliwa leo, wakati mashine ni nzima. Fungua anwani hiyo, nakili tarakimu zote 48 kwa mkono kwenye karatasi, na karatasi ikae mahali inapokaa pasipoti. Usiihifadhi kwenye laptopu yenyewe. Kama kwenye akaunti yako hakuna kitu na diski imefungwa, ingia kwenye mipangilio ya BitLocker utoe nakala ya ufunguo kutoka humo, au uizime kinga kisha uiwashe upya kwa akaunti yako.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo haikuwa Microsoft iliyokosea. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili bovu la programu yake saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki na kulirudisha saa 2:27. Katika dakika hizo 78, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilianguka: viwanja vya ndege, benki, hospitali. Kosa lilirekebishwa haraka, lakini mashine isiyowaka haiwezi kupokea marekebisho. Mtu alipaswa kuiendea moja moja, kuiwasha katika hali salama na kufuta faili lile kwa mkono. Palipokuwa na BitLocker, hakuanza mpaka apate ufunguo. Mashirika makubwa yenye wataalamu wa kulipwa yalihangaika kwa siku kadhaa yakitafuta tarakimu hizo. Mwenye duka Mutukula hana mtaalamu wa kulipwa, lakini ana karatasi na kalamu.

Mlango wa dharura nao ulifungwa

Mwaka 2025 ulileta jambo ambalo hata mafundi wazoefu hawakulitarajia. Sasisho la tarehe 14 Oktoba la Windows 11 lilizima kibodi na mausi za USB ndani ya ule ukurasa wa matengenezo. Mashine ilifanya kazi kama kawaida siku zote, lakini aliyelazimika kuingia ukurasani kutengua kitu alijikuta anatazama vitufe asivyoweza kuvibonyeza. Dawa ya dharura ilitoka tarehe 20 Oktoba. Walioumia zaidi ni wenye kompyuta za mezani na wenye laptopu ambazo kibodi yake imekufa wakachomeka ya nje, na hao mpakani ni wengi, kwa sababu vumbi na chai vimeua kibodi nyingi.

Pia yapo yasiyotenguka. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10, na siku chache baadaye ikalisimamisha. Kwa baadhi ya watu waliokuwa wamehamishia folda zao, kama ile ya nyaraka, mahali pengine kwenye diski, toleo hilo lilifuta faili zilizokuwa zimebaki kwenye folda ya awali. Kampuni ilisema walioripoti kupoteza faili ni sehemu ndogo sana, mtu mmoja katika kila elfu kumi. Toleo lilitolewa upya tarehe 13 Novemba. Lakini kwa yule mmoja, kurudi kwenye toleo la zamani hakukurudisha faili zake. Kilichoweza kumwokoa ni nakala iliyokuwa nje ya laptopu.

Nakala hiyo si lazima iwe ya gharama. Diski ya nje inayochomekwa kila Ijumaa jioni na kung'olewa inatosha. Isiachwe imechomekwa wiki nzima, kwa sababu kirusi kinachovamia laptopu huvamia na kilichochomekwa.

Kusimamisha bila kuzima

Ukishaondoa sasisho bovu, Windows italirudisha. Itaona halipo, italishusha tena, na Ijumaa utakuwa pale ulipokuwa Jumatano. Kwa hiyo mara tu baada ya kuliondoa, rudi kwenye "Windows Update" ubonyeze "Pause". Unaweza kusimamisha kwa wiki moja moja hadi wiki tano. Muda huo kwa kawaida unatosha. Katika visa vilivyotajwa hapa, kile cha printa na cha kibodi za USB vilipata dawa ndani ya siku kumi.

Njia nyingine inawafaa sana wanaotumia bando la simu. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao wa simu yako na uutambulishe kama "Metered connection". Windows ikijua intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo, haitashusha masasisho mengi mpaka uiruhusu. Unaokoa bando na unachagua siku ya kusasisha.

Wapo wanaoamua kuzima masasisho moja kwa moja, na mafundi wengine huzima bila hata kumwambia mteja, ili asirudi kulalamika. Huo ni ushauri mbaya. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho lililoziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilohilo, kikafunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ya Bitcoin. Waliokuwa wamesasisha katika miezi ile miwili hawakuguswa kupitia tundu lile. Kwa daftari la madeni, kirusi cha namna hiyo ni kibaya kuliko skrini ya bluu mara mia.

Kuna pia suala la Windows 10 yenyewe, ambayo bado imejaa madukani na ofisini katika ukanda huu. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wanaendelea kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Asiyejiandikisha hapati kitu, na ukimya wa laptopu yake si dalili ya afya. Kama mashine yake ina uwezo wa kupokea Windows 11 na ataamua kuhama, asifanye hivyo usiku wa kuamkia siku ya kupeleka nyaraka. Achague wiki isiyo na mzigo njiani, anakili faili, aandike zile tarakimu 48, kisha siku ya kwanza ajaribu kuchapa ankara moja yenye msimbo wa QR na kuusoma kwa simu. Ukisomeka, bado ana siku tisa za kujaribu mengine.